Shajara ya mradi: baruti ya mzinga mdogo wa kuanzishia mbio za mashua

3 Februari 2024: Mtutu wa kwanza umekataliwa

Klabu yetu ndogo ya mashua hapa Portland, jimbo la Maine, imeamua kuwa mbio za kiangazi zianze kwa mzinga badala ya honi ya gesi. Tunataka mzinga mdogo wa mtindo wa zamani, unaoshindiliwa kwa mdomoni kama gobore, usiotupa kitu chochote isipokuwa sauti na moshi. Kazi ya kutafuta baruti inayofaa nimepewa mimi. Ninaiandika kwa Kiswahili kwa sababu wasemaji wa Kiswahili tumejaa katika mji huu, kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na pwani ya Afrika Mashariki, na maelezo ya kazi hii karibu yote yako kwa Kiingereza.

Walioko nyumbani wasome wakijua hili: Tanzania na Kenya baruti iko chini ya sheria za vilipuzi, na kukutwa nayo bila kibali ni kosa la jinai. Yote yaliyomo humu yamefanyika Marekani, kwa ruhusa za hapa.

Tulianza na mtutu tuliokuwa nao. Mwanachama mmoja mzee alitupa mzinga wa shaba njano uliokaa miaka mingi juu ya meko nyumbani kwake. Unang'aa, una nanga iliyochorwa ubavuni, na kila aliyeuona aliupenda. Kabla ya kununua hata chembe ya baruti tuliupeleka kwa fundi kerezo. Aliingiza taa ndani, akapima unene wa ukuta, akatuonyesha vishimo vya hewa vilivyobaki shaba iliposubiwa. Tundu la moto, yaani kitobo cha kupitishia cheche hadi kwenye baruti, lilikuwa limetobolewa upande, na ndani hamkuwa na bomba la chuma. Ni pambo, alisema, na libaki pambo.

Wapo wanaodhani kwamba mzinga usio na risasi hauna shinikizo la kutisha. Unalo. Gesi ya baruti inapanuka kabla haijafika mdomoni, na kishimo cha hewa ndani ya ukuta wa mtutu ndiko mpasuko unakoanzia. Vikundi vya wapiga mizinga ya zamani hapa Marekani vina sharti kwamba mtutu wa kusubu uwe na bomba la chuma lisilo na mshono ndani yake. Mzee alisikitika, lakini sasa mzinga wake uko kwenye kabati la vioo mlangoni, na kila anayeingia anaulizia habari zake.

Gharama ya ukaguzi: dola 60.

24 Februari: Mtutu mpya na ruhusa

Tumenunua mtutu wa chuma, kipenyo chake cha ndani inchi moja (karibu milimita 25), pamoja na kigari cha mti wa mwaloni: dola 780. Kilichotufanya tuchague huu na kuacha ule wa bei nafuu ni karatasi yake. Mtengenezaji ametaja baruti gani inaruhusiwa, ukubwa gani wa chembe, na kiwango cha juu cha kila aina. Mtutu usio na karatasi ya namna hiyo usiununue, hata ukipendeza vipi.

Gramu zetu sitaziandika. Kiwango ni cha mtutu huu peke yake, na mtu akichukua namba yangu akaitia katika mzinga mwingine anaweza kupoteza mkono. Atafute karatasi ya mzinga wake.

Kuhusu sheria: ile ya shirikisho inamruhusu mtu kuwa na hadi pauni 50 za baruti nyeusi (ile ya zamani yenye moshi mwingi) ya kiwandani kwa michezo, burudani au utamaduni, itumike katika silaha au vifaa vya kale au vilivyonakiliwa kwa mtindo huo. Majimbo na miji inaweza kubana zaidi. Tuliwaita watu wa zima moto wa mji, wakaja, wakaona tutakapopigia na tutakapohifadhi. Walitaka sanduku la mbao zenye unene wa inchi moja, baruti ikae ndani ya makopo yake ya asili, na sanduku liwe mbali na mafuta ya injini. Mbao na bawaba: dola 55. Polisi nao wamearifiwa kwa maandishi.

16 Machi: Kununua, na kopo lisilotufaa

Baruti nyeusi iliwahi kutengenezwa karibu sana na hapa. Kwenye mto Presumpscot, mahali panapoitwa Gambo, kati ya Windham na Gorham, palikuwa na vinu vya baruti tangu miaka ya 1820 hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Vilipeleka baruti nyingi kwa jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na milipuko ya vinu hivyo iliua makumi ya wafanyakazi kwa miaka hiyo yote. Nilikwenda kuangalia misingi ya mawe iliyobaki. Majengo yalitawanywa mbalimbali kando ya mto ili kimoja kikilipuka kisichukue kingine. Mtu anayetaka kushika kopo la baruti akipita hapo kwanza ataelewa mengi.

Leo Portland sikupata duka lenye baruti nyeusi halisi. Wauza bunduki wanaweka baruti mbadala, iliyotengenezwa kuchukua nafasi ya nyeusi, kwa kuwa masharti ya kuhifadhi baruti nyeusi ni mazito kwao. Kiwanda kikubwa cha Marekani cha GOEX, kilichoko Minden, Louisiana, kilitangaza kufungwa mwaka 2021, na wapigaji walihangaika mpaka Estes Energetics ilipokinunua mwaka 2022. Wengine hutumia Swiss kutoka Uswisi au Schuetzen kutoka Ujerumani. Zote tatu ni baruti nyeusi za kweli. Zinatofautiana kwa bei, usafi na kasi.

Mwenzetu mmoja, kwa nia njema, alinunua kopo la baruti mbadala kwa dola 40. Karatasi ya mtutu ilikuwa haisemi lolote kuhusu mbadala, tukamwandikia mtengenezaji. Jibu lilikuja siku iliyofuata: usitumie. Sababu zake mbili nazitaja kwa sababu zinawahusu wengi. Baruti mbadala huhitaji joto kubwa zaidi ili iwake, kwa hiyo cheche inayotosha baruti nyeusi inaweza isiiwashe, au iwashe kwa kuchelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakoumiza watu wanaosogea kuangalia. Pia hufanya kazi vizuri ikibanwa nyuma ya risasi. Mzinga wa ishara hauna risasi, basi hakuna cha kuibana. Duka halirudishi baruti iliyouzwa, na kopo tumempa mwindaji mwenye bunduki inayoitaka.

Ile baruti isiyo na moshi, ya risasi za kisasa, hairuhusiwi kabisa hata kukaa chumba kimoja na mzinga wetu. Shinikizo lake ni la namna nyingine na mtutu wa kushindilia hauliwezi. Nimeandika hivyo kwa herufi kubwa juu ya sanduku.

Tumeagiza makopo matatu ya pauni moja moja, dola 32 kila kopo: chembe za mizinga, F moja na F mbili. Ada ya mzigo wa hatari ni dola 45 na usafiri dola 20, jumla dola 161. Ada ya hatari hulipwa kwa shehena nzima, iwe kopo moja au mengi, kwa hiyo anayeagiza kopo mojamoja anaumia.

Kwa asiyejua F hizi: ni herufi za kutaja ukubwa wa chembe, na zinapoongezeka chembe zinakuwa ndogo. F moja ni chembe za takriban milimita 1.2 hadi 1.7, F mbili ni 0.6 hadi 1.2, F tatu ni ndogo zaidi, ya bastola na bunduki nyembamba. Chembe za mizinga ni kubwa kuliko zote hizo. Chembe huungua kuanzia juu kwenda ndani. Uzito ule ule wa baruti ukisagwa kuwa chembe ndogo una eneo kubwa la kushika moto, unaungua haraka, na shinikizo linapanda haraka.

30 Machi: Chembe za mizinga zaanguka kwenye theluji

Jaribio la kwanza tumelifanya shambani kwa mwanachama mmoja, nje ya mji, theluji ikiwa bado imetanda. Theluji ilitusaidia kuliko chombo chochote tulichobeba.

Tulianza na chembe za mizinga. Jina lake lilitudanganya sote kwamba hiyo ndiyo ya mizinga. Moshi ulikuwa mzuri, mweupe, mzito. Sauti ikawa dhaifu, kama mlango mzito unaofungwa chumba cha pili. Tulipomaliza muda wa kusubiri tukasogea mbele ya mtutu, tukakuta theluji ina madoa meusi mita kadhaa kwenda mbele. Ilikuwa baruti nzima, haijaungua.

Fundi kerezo, aliyekuja kutazama, alieleza vizuri. Mtutu wetu ni mfupi, mwembamba, na hauna kitu mdomoni cha kuzuia gesi. Chembe za kwanza kuwaka zinazisukuma nyingine nje kabla hazijaungua. Chembe kubwa zimepimwa kwa mizinga yenye mtutu mpana na mrefu, ambamo zina nafasi ya kumaliza kazi yake.

Hapo yalitoka mapendekezo mawili, na nayaandika yote kwa kuwa kila kikundi kitayasikia. La kwanza: tuongeze baruti. Tulikataa, kwanza kwa sababu ya kiwango kilichoandikwa, pili kwa sababu kuongeza kungetupa nyingi zaidi kwenye theluji. La pili: tushindilie tambara gumu mdomoni ili gesi izuiwe. Ni kweli sauti ingepanda. Lakini tambara lililoshindiliwa ni risasi. Linapandisha shinikizo, na linaruka likiwa na moto kuelekea waliko watu na matanga. Mzinga wa ishara hautiwi kitu juu ya baruti.

Tukajaribu F moja. Tofauti ilikuwa wazi tangu mshindo wa kwanza: sauti pana, nzito, moshi ule ule mweupe, na theluji karibu safi. Wenzetu wawili waliokaa barabarani, kama kilomita moja na nusu, waliisikia vizuri.

Chembe za mizinga zilizobaki tumewapa watu wa kikundi cha historia wenye mzinga mkubwa. Baruti ile haina kasoro. Mtutu wetu ndio hauifai.

20 Aprili: F mbili, na mama wa Uvira

Siku hii imebadilisha mradi wote.

F mbili inaruhusiwa na karatasi yetu kwa kiasi kilichopunguzwa. Waliokuwa gatini walitaka kuisikia kwa sababu walisoma kwamba inaungua safi zaidi. Tulipata ruhusa ya kupiga gatini kwenyewe ili tujue sauti inavyosafiri juu ya maji. Na kweli inaungua safi. Mtutu ulibaki na uchafu kidogo, kigari kilirudi nyuma kwa nguvu zaidi ingawa baruti ilikuwa kidogo, na sauti ilikuwa kali, fupi, ya kupasua. Wanakamati waliifurahia. Mmoja alisema hiyo itasikika mpaka visiwani.

Niliporudi barabarani nilimkuta mama mmoja wa Uvira, mashariki mwa Kongo, ninayemfahamu kutoka kanisani, amesimama nyuma ya ukuta wa duka, amemshika mjukuu wake kifuani. Aliponiona aliniuliza kwa sauti ya chini: "Mtoto yangu, nani anapiga masasi?"

Nilimwambia, "Shikamoo, Mama. Ni mzinga wa mashua, hauna risasi." Alinisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Mi najua mzinga na najua bunduki. Hii ni bunduki." Alikuwa na haki. F mbili katika mtutu mwembamba inatoa sauti ya bunduki. Katika mji huu wako mamia ya watu waliokimbia sauti hiyo, na wengine wanakaa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka gati letu. Tulikuwa tumewaarifu zima moto na polisi. Mitaa ile hatukuwa tumeiambia lolote.

Jioni hiyo hiyo niliipeleka habari kwenye kamati. Nilisema nisingeendelea na F mbili, na sababu niliitoa kama ilivyokuwa. Sikupingwa hata na mtu mmoja. Tulikwenda kwa mama yule, mimi na mzee wa kamati, tukamwomba radhi, tukamwomba pia atusaidie. Yeye na wenzake wawili walikubali kusimama mtaani, kwa hiari yao na kwa saa waliyoichagua wenyewe, tupige F moja wasikie. Jibu lao lilikuwa kwamba ile wanaitambua: ni kama mizinga ya sherehe, ya kumpokea rais, inakuja polepole, na mtu akiambiwa mapema anaweza kuivumilia. Wakatoa masharti. Saa ijulikane, isibadilike. Isipigwe usiku. Watu waambiwe kwa lugha zao.

Kwa hiyo F moja imechaguliwa kwa sababu mbili. Moja ni ya mtutu: inaungua vya kutosha bila kupandisha shinikizo haraka. Ya pili ni ya masikio ya wanaoishi hapa, na kwangu mimi hiyo ndiyo iliyokata shauri. Maelezo mengi ya baruti niliyosoma yanapima kasi, uchafu na bei. Sijaona linalomwuliza jirani. Ishara inapigwa ili isikike, basi anayeisikia ana haki ya kuwa sehemu ya uchaguzi wake.

Tangazo limeandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili, Kifaransa, Kirundi, Kilingala, Kireno na Kisomali. Limebandikwa kwenye maduka ya vyakula, makanisani, msikitini na kwenye vituo vya mabasi. Mzinga utapigwa siku za mbio tu, Jumamosi, saa saba kamili mchana. Mbio zikiahirishwa haupigwi kabisa siku hiyo.

4 Mei: Karatasi na foili

Baruti haimiminwi kutoka kopo kwenda mtutuni kwa hali yoyote. Kaa moja lililobaki ndani linaweza kuwasha mkondo wote mpaka kwenye kopo lililo mkononi mwako. Baruti ya kila mshindo inapimwa mapema, inafungwa peke yake katika kifuko, na kopo linafungwa na kurudi sandukuni kabla ya mzinga kuguswa.

Vifuko vya kwanza tulivifunga kwa karatasi ya kahawia. Vilipiga vizuri, lakini tulipoingiza skurubu ya kusafishia (mpini wenye ncha iliyosokotwa ya kutolea mabaki) baada ya kusubiri, ilitoka na kipande cha karatasi kilichokuwa bado kinafuka. Hicho peke yake kinatosha kulipua kifuko kinachofuata usoni mwa mshindiliaji. Tumehamia foili ya alumini ya jikoni, ambayo haifuki. Nayo ina tabu yake: mabaki yake hujikunja chini kabisa ya mtutu na kuziba njia ya tundu la moto. Skurubu lazima ifike mwisho, izungushwe, itoke na kila kipande, ndipo brashi yenye maji iingie, kisha kavu.

Skurubu, brashi, sindano ya shaba ya kutobolea kifuko kupitia tundu la moto, na foili: dola 70. Sindano iwe ya shaba, isiwe ya chuma. Chuma kwa chuma hutoa cheche.

1 Juni: Utambi haujui saa

Tulikuwa tumepanga kuwasha kwa utambi wa kijani unaouzwa kwa mizinga. Kwa sherehe unafaa. Kwa mbio haufai. Tuliukata vipande sawasawa, tukapima kwa saa ya mkononi, na kila kimoja kikaungua kwa muda wake. Upepo wa baharini unauharakisha, unyevu unauchelewesha. Mashua zinazosogelea mstari wa kuanzia zinahesabu sekunde, na mzinga unaochelewa sekunde mbili unazua malalamiko ya msimu mzima.

Kanuni za mbio zenyewe zimelifikiria jambo hili. Zinasema muda uchukuliwe kutoka kwenye ishara za kuonekana, na sauti ikikosekana ipuuzwe. Ni busara, kwa sababu sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na aliye kilomita moja anaisikia baada ya karibu sekunde tatu. Mzinga wa adhuhuri wa Cape Town unaopigwa mlimani Signal Hill ulikuwa na faida hiyo hiyo kwa meli zilizotia nanga: mabaharia waliorekebisha saa zao waliangalia moshi, hawakungoja mshindo. Hapo ndipo moshi wa baruti nyeusi unapokuwa na maana. Zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Inatoka kama wingu jeupe na masizi. Katika bunduki huo ni udhia. Kwetu ni ishara ya pili, nayo inafika pamoja na bendera.

Tumenunua kifyatulio cha kamba kutoka kwa mtengenezaji yule yule, kinachotumia fataki ndogo, yaani kifuniko kidogo kinachotoa cheche kikigongwa: dola 140, na fataki dola 12. Kamba ni ndefu, mpigaji anasimama pembeni na nyuma ya magurudumu, na mshindo unatoka pale pale kamba inapovutwa. Kabla ya hapo tulikuwa na shauku ya kupiga ishara zote nne: dakika tano kabla, nne, moja, na ya kuanza. Shauku hiyo tumeiacha. Kati ya ya kwanza na ya pili kuna dakika moja, na mtutu hausafishwi wala kushindiliwa tena kwa usalama ndani ya dakika moja. Sisi tumejiwekea dakika 10 kati ya mshindo na mshindo. Honi inapiga tatu za kwanza; mzinga unapiga ya kuanza. Atakayefika wa kwanza naye anapigiwa mzinga, na muda wa kuutayarisha upo tele.

22 Juni: Ukungu

Wanaoijua ghuba yetu ya Casco wanajua ukungu wa Juni. Mazoezi ya leo yalianza vizuri, kisha mshindo wa pili ukakataa. Fataki ililia, baruti haikuwaka.

Kanuni yetu ya mzinga uliokataa: mtu asisogee kwa dakika 30, kamba isiguswe tena, mdomo uendelee kuelekea majini. Baada ya hapo maji yanamiminwa kwa tundu la moto kwanza, kisha kwa mdomoni, mpaka kifuko kiloe kabisa, ndipo kinatolewa kwa skurubu. Tulifanya hivyo.

Kwanza tuliishuku baruti, kwamba imenyonya unyevu. Kopo lilikuwa kavu, na kifuko kingine cha kundi lile lile kilipiga vizuri baadaye. Kosa lilikuwa kwenye tundu la moto. Masizi ya baruti nyeusi ndiyo yanayonyonya unyevu, haraka kuliko baruti yenyewe. Katika ukungu yale ya mshindo wa kwanza yaligeuka tope, yakaziba njia ya cheche. Sasa tundu linasafishwa kwa sindano na kukaushwa kwa kitambaa kila baada ya mshindo, na sindano ikitoka nyeusi na kunata, zamu inarudiwa.

Masizi hayo hayo hula chuma. Mtutu mmoja wa kikundi jirani uliachwa usiku kucha bila kuoshwa na asubuhi ulikuwa na kutu nyekundu ndani. Hakuna dawa inayoshinda maji ya moto na sabuni ya vyombo siku ile ile, kukausha, kisha mafuta mepesi ya mimea. Mafuta ya injini yakichanganyika na masizi yanakuwa kama lami.

13 Julai: Mbio

Vizibo vya masikio kwa wapigaji na wanakamati: dola 90. F moja, makopo manne mengine, kwa ada moja ya hatari: dola 193.

Saa saba kamili kamba ilivutwa, wingu likatoka, bendera ikashuka pamoja nalo. Mashua ya mbali kabisa ilianza kwa moshi kabla sauti haijaifikia. Mama wa Uvira alikuja na mjukuu wake, wakakaa upande wa pili wa gati walipochagua wenyewe. Mtoto aliziba masikio, akataka kuona mzinga unavyooshwa. Tulimwonyesha, kwa mbali.

Simu moja ya malalamiko ilipokelewa, kutoka kwa mwenye mbwa. Tumemweka kwenye orodha ya watu wanaopigiwa simu saa moja kabla.

28 Septemba: Msimu umefungwa

Jumla ya fedha zilizotoka ni dola 1,601. Kati ya hizo, dola 60 za ukaguzi wa mtutu wa mapambo na dola 40 za kopo la mbadala hazikuzaa mzinga, ingawa zile 60 ningezitoa tena bila kufikiri. Anayeanza leo akiwa tayari anajua anataka F moja ataokoa pia makopo mawili ya kwanza.

F mbili iliyobaki imekwenda kwa mpiga gobore wa mashindano. Makopo mawili ya F moja yamebaki, yamefungwa, yako sandukuni, na idadi yake imeandikwa kwenye daftari lenye saini za watu wawili. Kwa mwaka ujao klabu moja ya kaskazini imekubali tuagize pamoja ili ada ya hatari igawanywe. Spiringi ya kifyatulio imelegea na itabadilishwa. Mtutu utarudi kwa fundi kerezo mwezi Aprili akaupime ndani tena, na tangazo la lugha saba litaongezwa Kinyarwanda, kwa ombi la familia mbili zilizohamia mtaa wa gati mwezi Agosti.